Mbuzi Bado Wako Malishoni

Hadija mwanangu,

Assalamu alaikum. Kama hujambo sikuulizi, maana nimekuona mchana huu ukila chapati mbili umesimama mlangoni, mkono mmoja unatafuta kiatu. Anayekula hivyo ni mzima. Mimi ndiye si mzima. Tangu jana sijakaa nikakalika. Nikiketi nainuka, nikiinuka nasahau nimeinukia nini.

Umekwenda Muthurwa kukata tikiti ya basi la kesho la kukupeleka kazini na kutafuta blanketi, nami nimemwita Wanza wa nyumba ya pili aje aniandikie. Unanijua mimi na kalamu. Wanza ni karani, mkono wake hauchoki, na nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Ametaka kunirekodi kwenye simu. Nimekataa. Sauti utaifuta simu ikijaa picha zako. Karatasi utaikuta chini ya begi siku usiyoitaka, na siku hiyo ndiyo ninayoitaka mimi.

Habari za sweta na dawa ya malaria sitazisema. Una miaka ishirini na minne, ukitaka kufa kwa baridi shauri yako. Nitasema habari ya kile kitabu.

Jana ulirudi na begi la kazi, ukakitoa, ukakifungua juu ya kitanda kama mtu anayefungua kanga mpya.

"Nyanya, ona. Vyeti vya halali. Kila mzigo wa nyama ya kwenda ng'ambo ukitoka kule kichinjioni unatoka na karatasi moja yenye sahihi yangu. Bila mimi lori haliendi popote."

Nilifurahi, wallahi. Mjukuu wangu anasimamisha lori! Nikapitisha kidole kwenye zile karatasi. Kusoma sijui, lakini mviringo wa wino naujua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa nao. Wa pili nao. Nikafunua wa mwisho kabisa, nao pia.

"Mbona zote zimeshagongwa muhuri?"

"Ofisini wanasema kugonga moja moja kunapoteza wakati. Mimi nitajaza tarehe na idadi, natia sahihi, basi."

"Na mbuzi wa hii karatasi ya mwisho wako wapi?"

Ukacheka hadi ukaegemea ukuta. "Nyanya nawe! Mbuzi bado wako malishoni!"

Nikacheka pia. Uliposema vile niliwaona kabisa, wanang'oa majani, mikia inapepea, na cheti cha kuchinjwa kwao kiko tayari juu ya kitanda changu hapa Shauri Moyo. Halafu nikakifunga kitabu. Nikakwambia uwarudishie, uombe kitabu kitupu. Ukaniangalia kama mtoto anayeambiwa amwage chai ya moto aliyoingojea.

"Nyanya, nimekaa hapa nyumbani miaka miwili na diploma yangu ya ukaguzi wa nyama. Miaka miwili. Nikianza maswali siku ya kwanza, siku ya pili utanifungulia mlango huo huo. Kila mahali ndivyo wanavyofanya."

Nikakurudishia kitabu chako. Ni kweli umekaa miaka miwili. Nimekuona ukifua nguo za watu ukisema ni mazoezi. Nataka uende, Hadija. Nataka kwa moyo wote. Na sitaki mkono wako utie sahihi kwa mbuzi aliye malishoni. Mambo hayo mawili yananivuta, moja huku, moja kule, ndiyo maana kikombe cha chai alichonimiminia Wanza kimepoa mara ya pili.

Jibu ninalo leo. Ni refu, na linanichafua mimi mwenyewe. Wewe hulijui kwa sababu mama yako Salma, Mungu amrehemu, alikuwa na mimba yako wakati huo, na nilimwapisha asikwambie.

Unajua nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, akika, hitima, maulidi, kuanzia hapa hadi Kaloleni, ukisikia harufu ya pilau ujue Bi Rukia ameinama juu ya sufuria. Watu walikuwa hawaulizi nyama imetoka wapi. Walisema, "Kapika Bi Rukia," wanasema bismillahi, wananyoosha mkono. Sifa hiyo niliivaa kama bangili.

Nyama niliinunua kwa Mutua. Mutua alikuwa Mkamba, Mkristo, mwenye bucha ya mbuzi pale barabarani, mwenye mzaha na mkono usioiba kwenye mizani. Siku ya kwanza nilipoingia kwake nilimwuliza swali moja tu.

"Mutua, hii nyama yako iko sawa kwetu sisi?"

Naye akageuza paja la mbuzi lililoning'inia, akanionyesha muhuri wa wino wa zambarau. "Iko sawa kabisa, mama. Angalia, ina muhuri."

Basi. Mimi niliuliza kuhusu halali, yeye akajibu kuhusu serikali. Yeye alidhani nauliza kama ni mnyama mzima asiye na ugonjwa. Mimi nikadhani ule mviringo ni wa Kiislamu. Hakuna aliyedanganya pale. Tuliagana tukicheka, na kosa likaondoka nami ndani ya kikapu.

Likakaa miaka tisa.

Na si kwamba niliunyamazia ule muhuri, mwanangu. Niliutembeza! Nilikuwa namwambia, "Nikatie penye muhuri," naye ananitania, "Mama huyu anakula wino." Siku ya shughuli nilikikata kile kipande cha mafuta chenye muhuri, kibichi, nikakiweka kwenye sinia karibu na meko. Mwenye shaka aje aone. Watu walikuja, wakainama, wakatikisa kichwa. Kati yao walikuwemo waliosoma, wazee wa miwani. Hata mmoja hakuusoma. Kwa nini wasome? Waliniamini mimi. Nami niliuamini muhuri. Na muhuri, maskini, haukuwahi kusema lolote kuhusu shingo ya mbuzi.

Aliyeusoma ni maalim wa msikiti wetu, na siku yenyewe ilikuwa hitima ya arubaini ya babu yako.

Sahani zilikuwa zimeshapita. Wanaume wamekaa mkekani, wanawake tuko uani. Maalim akaja kunawa, akaliona sinia. Akainama, akavaa miwani yake, akakaa vile muda mrefu kidogo kuliko watu wengine.

"Bi Rukia, hiki umekiweka cha nini?"

"Ni muhuri wa halali, maalim. Kwa wenye wasiwasi."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliosikika ua mzima. "Huu ni wa mkaguzi wa mifugo, dada yangu. Unasema nyama imekaguliwa, haina maradhi. Hata nguruwe hugongwa huu."

Hata nguruwe. Uani wote wakageuka kuniangalia. Kisha mwanamke mmoja akatema chakula mkononi mwake. Mwingine akafuata. Mpwa wa babu yako akasukuma sahani. Miaka tisa ya harusi na akika za watu ikaanguka mbele yangu, tena siku tuliyokusanyika kumsomea mume wangu.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo nilipo mbaya. Maalim hakusema nyama ni haramu. Alisema muhuri hausemi halali. Kuna tofauti pale, pana kama barabara ya Jogoo. Alikuwa bado amefungua mdomo anataka kuniuliza mbuzi wanatoka wapi. Mimi sikungoja. Aibu ikipanda haingoji swali. Nilitoka vile vile na buibui langu la eda, nikafika kwa Mutua wateja wamejaa, nikapiga kelele.

"Kibudu! Miaka tisa unanilisha kibudu!"

Wanza ameniuliza kibudu ni nini, na nimefurahi ameuliza, kwa sababu hapo ndipo penye sumu. Kwetu sisi kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa inavyopasa. Lakini pale kwenye foleni walikuwemo wateja Wakristo, na masikioni mwao kibudu ni mzoga, mnyama aliyejifia kwa ugonjwa akaokotwa. Neno moja, nikawafukuza wateja wa dini mbili.

Mutua alishika kisu hewani, hakijui kiende wapi. "Mama Salma, taratibu. Kibudu? Hata mimi sili kibudu. Uliza kwanza."

"Niulize nini? Nimeshasomewa!"

"Umesomewa nini?"

Nikamgeuzia mgongo. Nikaenda zangu nikijiona shujaa wa dini.

Waislamu waliacha kununua siku ile ile. Wakristo waliacha wiki ile ile. Nilikuwa nikipita naona nyama imening'inia mchana mzima, nzi ndio wateja, na Mutua amekaa kwenye kiti chake anasoma gazeti lile lile. Sitakudanganya. Nilikuwa naona raha.

Kisha akaja Mzee Galgalo.

Alibisha hodi asubuhi, mzee mwembamba Mborana, kanzu imefuliwa ikakwajuka, kofia iliyoshonwa kwa mkono. Sikumjua. Hakutaka kuketi.

"Wewe ndiye Rukia mpishi?"

"Ndimi, baba. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kuona sura ya mtu anayesema mikono yangu inachinja kibudu."

Nikamwambia sijawahi kumtaja. Akasema, "Mutua ananunua mbuzi kwetu kichinjioni Kiamaiko tangu afungue bucha. Kila mbuzi wake nimemchinja mimi. Nimeswali, nimeelekea kibla, nimetaja jina la Mola. Sasa naambiwa huko Shauri Moyo kuna mwanamke Muislamu amesema ni kibudu. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, baba."

"Uliuliza?"

Hadija, mimi nina mdomo, unanijua. Lakini mdomo huo ulikuwa haujauliza.

Nyama ilikuwa halali miaka yote tisa. Niliposema ni halali, sikuwa najua. Niliposema ni haramu, sikuwa najua vile vile. Mara zote mbili nilisema kwa sauti kubwa, na mara zote mbili watu waliniamini. Kwamba mara ya kwanza niliangukia kwenye ukweli hainisaidii kitu. Kipofu akivuka barabara salama haina maana ameona magari.

Nilimwomba mzee yule anionyeshe kazi yake. Akakataa, akaondoka, akarudi hatua tatu akasema, "Njoo Jumanne baada ya alfajiri. Usivae viatu vizuri." Mzee wa ajabu.

Nilikwenda. Sikupenda harufu wala kelele, na sitakueleza mambo ambayo wewe umeyasomea kuliko mimi. Nitakueleza nisichodhani wanafundisha. Aliponoa kisu, alinolea kule nyuma ambako mbuzi hawamwoni. Mbuzi aliyekuwa anahema vibaya alimtenga, akasema, "Huyu kwanza tujue ni mzima." Na kila mbuzi alimsomea kwa sauti, bismillahi, Allahu akbar, mmoja mmoja, kama anamwamkia. Nikajisemea, mtu huyu atachoka. Na kweli alichoka. Katikati ya kazi akasimama, akampa mwenzake kisu, akaja kukaa karibu nami na kikombe cha maji.

"Umeumia, baba?"

"Hapana. Huyo wa mwisho nilimaliza nikajikuta sikumbuki kama nimetamka. Mwenzangu kasema amenisikia. Lakini mimi mwenyewe sikujisikia. Ulimi ukianza kwenda peke yake, kisu nakipokeza."

Mashehe wana maneno yao kuhusu aliyesahau na asiyesahau, siyaingilii. Mimi ni mpishi. Lakini siku ile ndipo nilipopata imani ya kula nyama, na haikutoka kwenye wino. Ilitoka kwa mzee aliyejishuku mwenyewe mbele ya mtu asiyemlazimisha. Kwa hiyo huko unakokwenda mtazame anayechinja, mwanangu. Akiwa anajishuku kidogo, kula. Akiwa hajishuku kabisa, simama karibu yake ukae siku nzima. Na ukiona mbuzi wanakuja mbio kuliko ulimi wa mtu unavyoweza kwenda, hapo usiniambie mashine ni ya kisasa. Sema wapunguze mbio au waongeze watu.

Tangu siku ile nimekuwa mwanamke wa maswali, umeaibika nami mara ngapi. Unakumbuka yule wa kuku kule soko la Burma, redio juu, majani ya miraa mdomoni, anashika kuku watatu kwa mkono mmoja? Nikamwambia, sema nisikie. Akasema, "Mama, nimesema moyoni." Nikamwambia, "Moyo wako siusikii, na mdomo umejaa majani." Watu wakacheka, wewe ukajifunika uso kwa mtandio. Lakini alizima redio. Akatema, akasukutua, akaanza upya. Na tuliporudi wiki iliyofuata aliponiona tu alizima redio mwenyewe, akasema, "Inspekta amefika." Ona sasa, aliniita kwa kazi yako kabla hujaisomea.

Nisimkimbie Mutua. Naona ninamkimbia.

Nilipotoka Kiamaiko nilikwenda moja kwa moja kwenye bucha yake. Imefungwa. Mwenye nyumba alikuwa ameshampa chumba fundi wa redio. Nikaulizia, nikaambiwa yuko Mukuru kwa Njenga, anabeba mizigo kwenye kiwanda siku wanapomchukua. Nilikwenda kwa miguu, nikamsubiri langoni hadi watoke. Alikuwa amekonda. Mtu aliyekuwa akipima nyama na kunitania, sasa mabega yote vumbi la saruji.

"Mutua, nimekuja kukwambia nyama yako ilikuwa halali."

Akanitazama. Akajipangusa uso kwa kofia. "Mama Salma, umetembea kutoka Shauri Moyo kuniambia mimi jambo ninalolijua?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi chukua. Haina uzito, utaibeba. Lakini habari hiyo wapelekee wasioijua."

Basi nikaipeleka. Mlango kwa mlango, jirani kwa jirani, hata uani kwa wale waliotema. Unajua waliniambia nini? Mmoja: "Aa, Bi Rukia, kakupa mguu wa mbuzi wa bure nini?" Mwingine: "Umri huo, mara halali mara haramu, wewe nawe." Jirani wa Kikristo akaniambia, "Mimi sijali nani kachinja, lakini ulisema mzoga, na sasa nikimwaza Mutua nawaza mzoga." Nilizunguka hadi kisigino kikapasuka. Uongo wangu ulikimbia mtaa mzima alasiri moja. Ukweli wangu niliubeba mgongoni wiki nzima, haukuvuka kizingiti cha mtu.

Mutua hakurudi kwenye bucha. Baadaye nilisikia amerudi kwao Machakos. Sijui kama yuko hai. Nami niliacha kupika shughuli za watu, nikasema ni miguu. Haikuwa miguu.

Wanza ameinua kalamu. Ameniuliza kama kweli nataka hayo yaandikwe. Andika, nimemwambia, andika na jina langu.

Sasa kitabu chako. Hadija, kule nyama inakokwenda, ng'ambo huko, kuna mwanamke kama mimi. Hajui kusoma. Amefiwa au anaozesha binti. Atashika mfuko wa nyama uliopita kwa karatasi yako, ataona mviringo, atasema, "Al-hamdulillahi, iko sawa," na atawalisha watu wake wote. Hawezi kuja kichinjioni na viatu vibaya siku ya Jumanne. Hana Galgalo wa kumbishia hodi. Ana mviringo tu. Na mviringo hauna macho. Wewe ndiye macho yake pale, wamekuajiri uwe macho, halafu wamekupa karatasi zinazosema umeshaona.

Huenda nyama yao ni safi kabisa. Sisemi ni haramu. Sitarudia tena kosa hilo, siku za kusema nisichokiona nimezimaliza. Huenda anayechinja huko ni mcha Mungu kuliko Galgalo. Lakini ukitia sahihi hujaona, halafu ikawa halali, umekuwa mimi wa miaka tisa. Na siku mtu akiisoma vizuri ile karatasi, akagundua tarehe na mbuzi havikutani, atapiga kelele kama nilivyopiga mimi, na kelele hiyo haitamwangukia mwenye ofisi. Itamwangukia mchinjaji maskini aliyetamka kila kitu sawasawa. Ndiye atakayekwenda kubeba saruji.

Nikuambie jambo jingine, na usikasirike. Ulipotoka leo nilikitoa kile kitabu kwenye begi lako. Nilikiweka hapa mapajani, na mkasi wa nguo mkononi. Nikamwambia Wanza, nisaidie tuzikate pale penye wino, zote. Wanza akasema, "Nyanya, hicho si chako." Nikamkaripia. Nikamwambia mtoto wa juzi asinifundishe. Nikakata karatasi moja hadi nusu.

Halafu nikauweka mkasi chini. Nilijiona niko tena kwenye bucha ya Mutua, nimeshahukumu, hata sijakuuliza utafanya nini. Huenda wewe tangu jana umeshaamua vizuri kuliko mimi na ulikuwa unanicheka tu. Kitabu nimekirudisha. Ile karatasi iliyokatwa nusu ni kazi ya mkono wangu, ukiulizwa sema hivyo, sema nina nyanya ana wazimu.

Kwa hiyo nakuuliza, kama nilivyopaswa kumwuliza Mutua. Utafanya nini, Hadija? Usinijibu leo. Ukirudi kutoka Muthurwa tutakula, tutasema habari za blanketi, nitajifanya sijaandika kitu. Nitakulaza na kukuamsha kama kawaida. Jibu litoe huko, mbele yao.

Kama utawarudishia, najua mdomo utakukauka. Ofisi ina meza kubwa na mtu nyuma yake mwenye haraka. Usimtukane, usimtajie Mungu wala nyanya. Usipige kelele, kelele nimepiga mimi zikatosha ukoo mzima. Mwambie, "Naomba kitabu kisicho na muhuri, na muhuri wenyewe nikae nao mimi. Mbuzi akichinjwa nikiwepo, nitagonga. Siku nikiwa mgonjwa, siku hiyo sitagonga." Halafu nyamaza. Wewe ukisema sana unaanza kuomba msamaha, umelirithi kwa mama yako. Sema hayo ukae kimya hadi yeye ndiye aongee.

Huenda akasema sawa. Watu wengine hufanya ovyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba wafanye vizuri.

Huenda akasema, basi chukua begi lako. Hapo, mwanangu, ndipo nilipokosa usingizi, kwa sababu najua unanifikiria mimi, kodi ya nyumba, na jinsi majirani watakavyosema Hadija amerudi hata mwezi haujaisha. Wacha waseme. Mimi wamenisema miaka ishirini na minne na bado natembea. Sikukulea ili unilishe nyama. Panda gari la asubuhi urudi, utanikuta hapa hapa, nitakuinjikia maharagwe. Maharagwe hayachinjwi.

Nyanya yako,
Rukia